Kisanduku cha Kumi na Mbili

Fomu ya uthibitisho wa tangazo ni karatasi moja tu. Juu pana nembo ya manispaa, chini pana mahali pa sahihi yangu, na katikati wameorodhesha mitaa kumi na miwili, kila mmoja na kisanduku chake. Ukishautangazia mtaa, unatia alama ya vema. Ukimaliza unasaini, unampelekea katibu wa mikutano, naye anaitia kwenye faili, kazi imekwisha. Kwa miaka tisa nimetia vema kumi na mbili kila mara. Na kwa miaka tisa nimetangaza mitaa kumi na mmoja.

Usiniangalie hivyo. Ngoja kwanza nikueleze.

Mimi ndiye mtangazaji wa manispaa. Watu wananiita Tangazo, hata mke wangu akikasirika ananiita hivyo hivyo. Ile pikapu nyeupe yenye spika mbili juu, inayopita kukuambia utoe takataka, uchanjishe mtoto, ukate leseni, anayebwabwaja ndani yake ni mimi. Kwenye usukani yupo dereva, mtu mzima mwenye uvivu unaowatosha watu watatu. Tunaanzia juu kwenye nyumba za mageti, tunashuka sokoni, stendi, shuleni, mpaka barabara inapoishia kwenye korongo. Hapo gari linageuka.

Ng'ambo ya korongo, chini bondeni, ndiko mtaa wa kumi na mbili. Daraja hakuna. Pana nguzo mbili kuukuu za umeme ambazo wakazi wenyewe wamezilaza kutoka ukingo hadi ukingo, na waya wa kushikilia. Gari halipiti, hata pikipiki haipiti. Kwa hiyo tangu enzi za mtangazaji aliyenitangulia, utaratibu ulikuwa ni huu: mnafika ukingoni, mnazielekeza spika bondeni, unatangaza mara mbili, mnageuza gari. Unatia vema ya kumi na mbili juu ya boneti, unarudi mjini kunywa chai. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama kule chini wanasikia, na mimi sikuwa na haraka ya kuulizwa.

Sasa sikiliza aibu yenyewe. Huko bondeni ndiko alikoishi mama yangu mzazi.

Alikaa na dada yangu mkubwa, ambaye anaponda kokoto mbele ya nyumba yake, tangu jua linachomoza mpaka linazama. Mimi niko huku juu, vyumba viwili nyuma ya soko, watoto wanne. Miaka miwili iliyopita mama alipooza upande wa kulia. Daktari akasema apelekwe zahanati mara mbili kwa wiki kwa mazoezi ya viungo, na zahanati iko huku kwetu. Basi dada anawaomba majirani wawili, wanamkalisha mama kwenye kiti cha plastiki, wanamfunga kiunoni, wanavuka naye kwenye nguzo zile hatua kwa hatua. Mama anafumba macho. Tukimtania kwamba anaogopa, anasema kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, "Nafumba nisiwaone wanaume wazima wakitetemeka." Tunacheka. Ila mvua zikianza maji yanafunika nguzo, hakuna anayevuka, na mkono uliokuwa umeanza kushika kikombe unalala tena kama si wake.

Mwaka jana tukaletewa ofisa mpya wa maendeleo ya jamii. Binti tu, miwani, mkoba umejaa makaratasi, kutwa anatembea kwa miguu. Wiki ya kwanza alishavuka zile nguzo, viatu mkononi, akapita nyumba kwa nyumba. Alirudi ofisini na tope hadi magotini, akasimama hivyo hivyo mbele ya madiwani, akawaambia kwamba manispaa hii ina watu inaowafikia na watu isiowafikia, na wote wanalipa kodi ile ile. Diwani mmoja akacheka, akamwambia, "Binti, karibu serikalini."

Lakini yule hakuwa wa kuchekwa. Alikomaa nao mpaka likatengwa fungu, wakaliita fungu la usawa, kwa ajili ya mitaa iliyoachwa nyuma. Madiwani, wajanja wale, wakakubali kwa sharti moja: wananchi waje wenyewe ukumbini, waombe, wapige kura. Mtaa usiofikisha watu thelathini kwenye kitabu cha mahudhurio, ombi lake halijadiliwi. Ofisa akaona ni haki kabisa. Watu thelathini ni nini, na bondeni wako zaidi ya elfu mbili? Akaliandika ombi la bondeni kwa mkono wake: daraja la waenda kwa miguu, lenye kingo pande zote, pana kiasi cha kupitisha kiti cha magurudumu. Hilo la kiti aliliongeza baada ya kumwona mama.

Dada akapata habari. Akanifuata mpaka ofisini, vumbi la kokoto kwenye kope, akanivuta pembeni penye pikapu.

"Mdogo wangu, mimi sikuombi kitu. Nataka siku na saa, basi. Ukituambia siku na saa, hao thelathini nitawaleta mimi. Nitawaswaga kama mbuzi."

"Nitashuka mwenyewe, dada. Kipaza sauti cha mkononi kipo. Nitapita mlango kwa mlango."

"Usije ukatupigia kelele kule ng'ambo halafu ukaondoka."

"Dada, jamani! Mimi mtoto?"

Akanitazama hivi, halafu akacheka kidogo. "Mama huwa anakusikia, unajua? Siku upepo ukiwa mzuri. Maneno hayasikii, ila sauti anaijua. Ananiambia, kijana wangu leo yuko kazini. Basi siku hiyo hata chakula anakula chote."

Nikamwahidi. Nilimshika mkono kabisa nikamwahidi.

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Barua ya kutangaza ikatoka Jumatano, na Jumatano ile kukaamkia manyunyu. Tulifika ukingoni saa nne na nusu. Njia ya kushukia kwenye nguzo ilikuwa utelezi mtupu. Kipaza sauti cha mkononi kilikuwa chini ya kiti, hakina betri. Nilikuwa nimesahau kununua. Na miguuni nilikuwa na viatu vipya. Ndiyo, viatu. Nataka ujue kila kitu, usije ukadhani labda palikuwa na jambo kubwa. Vilikuwa vya ngozi, vyeusi, siku ya pili tu tangu nivinunue.

"Tangazo," dereva akasema, hata injini hajazima, "ukiteleza hapo mimi sikufuati."

Mara simu ikalia. Diwani wa kule juu kwenye mageti, anatutaka sokoni kabla ya saa tano, tukatangaze fainali ya kombe lake la mpira. Nikalitazama korongo, nikatazama viatu. Nikajisemea, dada nitampigia simu, tatizo liko wapi? Nikawasha spika, nikatangaza. Siku, saa, ukumbi, watu thelathini, daraja. Mara mbili, kwa sauti yangu yote. Upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni, ukanirudishia maneno yangu usoni. Nikatoa fomu, nikaiweka juu ya boneti, nikatia vema kwenye kisanduku cha kumi na mbili. Nikasaini.

Simu ya dada ilikuwa haipatikani. Nyumbani kwake hakuna umeme, kuchajisha simu mpaka apande huku juu kwa watu. Alhamisi nikapiga, haipatikani. Ijumaa nikasema nikitoka kazini nitashuka, na nilipotoka kazini ikanyesha ya kumwaga, nikasema aah, atakuwa ameshasikia kwa watu. Nilijidanganya vizuri sana. Nililala usingizi.

Jumamosi ukumbi ukafurika. Wa mageti walikuja na magari, wameketi mbele na chupa zao za maji. Kazi yangu kwenye mikutano ni kutembeza kipaza sauti, anayetaka kusema nampelekea. Nilipita safu kwa safu nikitafuta kilemba cha dada. Hakuwepo. Kutoka bondeni niliona watu wanne, wanne tu, wale wanaoshinda huku juu kwa kazi zao. Mmoja ni fundi viatu wa stendi, jirani wa dada, mmoja wa wale wanaombeba mama. Tulikuwa tumepita stendi tukitangaza, ndipo aliposikia. Baadaye nilijua kwamba usiku alikuwa analala hapo hapo stendi kwenye kibanda, na wale watatu vivyo hivyo huku juu, kwa sababu ya mvua, hawakurudi bondeni wiki nzima. Walidhani wenzao wameshaambiwa.

Ofisa alisimama mlangoni mpaka mkutano ukachelewa nusu saa, anachungulia barabara. Mwishowe katibu akafungua kitabu cha mahudhurio.

"Mtaa wa kumi na mbili, watu wanne. Ombi halijadiliwi."

Fundi viatu akanyoosha mkono. Nikampelekea kipaza sauti. Alikishika kama mtu aliyeshika nyoka.

"Waheshimiwa, wenzangu hawajui. Wangejua wangekuja. Hii habari haijafika kule."

Katibu akainua fomu yangu juu, ukumbi mzima uione. "Imefika. Mtangazaji wa manispaa amethibitisha kwa sahihi." Kisha akanigeukia. "Tangazo, bondeni ulitangaza?"

Kipaza sauti nilikuwa nimeshakirudisha mkononi mwangu. Fikiria hapo. Ukumbi mzima umenigeukia, spika nne ukutani zinangoja neno langu. Ningesema tu, waheshimiwa, niliishia ukingoni. Maneno matatu. Mkutano ungeahirishwa wiki moja, dada angeswaga mbuzi wake, biashara ingekwisha. Lakini ajira yangu ni ya mkataba, na mkataba unasainiwa upya kila mwaka na yule yule katibu. Na vema zile za miaka tisa ziko kwenye mafaili yake.

"Nilitangaza," nikasema.

Na kweli nilitangaza. Ndicho kinachonitia kichaa mpaka leo, kwamba sikusema uongo.

Fungu la usawa likapigiwa kura na waliokuwepo. Likaenda kutandaza matofali kwenye njia ya juu, wanakokimbia watu wa mageti asubuhi na mbwa wao. Kwenye muhtasari wakaandika: wakazi wa mtaa wa kumi na mbili waliarifiwa ipasavyo, hawakuhudhuria. Mlangoni fundi viatu alinipita bila salamu. Halafu akasimama, akainama kidogo akavitazama viatu vyangu, jicho la fundi. "Hivi havijawahi kushuka bondeni," akasema, akaenda zake.

Ofisa akanikuta nakunja nyaya.

"Tangazo, ulifika kweli?"

"Madam, fomu si unayo?"

"Fomu ninayo. Nakuuliza wewe."

"Nilitangaza, madam."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena. "Basi nimekosea mimi. Nilidhani wanalitaka hilo daraja." Nikaendelea kukunja nyaya. Nilimwacha akaondoka na mawazo hayo, kwamba watu wa bondeni ndio hawajali. Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini? Sitaki jibu.

Dada hakunipigia simu. Nami sikushuka, ningemtazama na uso gani? Wiki tatu zikapita hivyo, mvua juu ya mvua.

Ilikuwa Jumanne mchana, tuko stendi tunatangaza chanjo, simu ikalia namba ngeni. Ni dada.

"Mama kifua kimembana, hapumui sawasawa. Tumemleta mpaka korongoni. Maji yamefunika nguzo."

Siku hiyo dereva hakuwa mvivu. Tulifika ukingoni kabla sijakata simu vizuri, nikashuka mbio. Niliwaona ng'ambo. Wanaume wanne, fundi viatu mmoja wao, wamebeba kiti cha plastiki mabegani, mama yuko juu yake amezungushiwa mablanketi, dada anamfunikia kipande cha turubai. Kati yetu palikuwa na maji tu, mekundu, yanabeba matawi na debe. Nakuambia hatua ishirini. Mtoto angerusha jiwe likavuka. Mmoja wao akajaribu, akaingia mpaka kiunoni, maji yakamchota, wakamvuta kwa waya. Wakabaki wamesimama. Sisi huku gari linanguruma, limeelekezwa zahanati, tayari.

Nilimwita mama mpaka sauti ikapasuka, maji yakaimeza. Ndipo nikakumbuka spika. Nikarudi garini nikawasha, nikashika kipaza sauti, na mimi ambaye mdomo ndio kazi yangu nikakosa la kusema.

"Mama," nikasema. "Mama, niko hapa."

Akanyanyua ule mkono wa kushoto, mzima. Akaushusha.

Tulingoja maji yapungue. Saa ya kwanza ikapita, ikapita ya pili, yakazidi. Wakamrudisha nyumbani, niliwaona wakipanda na kiti mpaka wakapotea nyuma ya nyumba za kwanza. Saa kumi dada akapiga simu. Sikupokea, nilishajua. Dereva akaipokea, akasikiliza, akazima injini.

Kesho yake maji yakashuka. Nikavuka kwenye nguzo, viatu vimefungwa kamba shingoni, nikapanda kwa dada. Alikuwa amekaa juu ya lundo la kokoto, hana machozi. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia yote: manyunyu, betri, viatu, kombe la diwani, na ule ukumbi. Aliniacha nimalize.

"Alikusikia," akasema. "Siku ile ya Jumatano. Akaniita, akaniambia, kijana wangu anatangaza kitu leo, na anakitangaza kwa nguvu. Nikamuuliza, anasema nini mama? Akasema, sijui, upepo. Nikatoka mpaka pale mbele nikatega sikio, sikupata neno. Nikarudi, nikamwambia mama, kama ni letu atashuka. Si ameahidi?"

Niliinama nikazitazama kokoto.

"Tukakungoja Alhamisi," akasema. "Ijumaa mama akaniambia nikupikie, huenda ukaja na mvua."

Hapo ndipo nililia. Nililia vibaya, mtu mzima, puani mpaka mdomoni. Dada akaingia ndani, akatoka na betri mpya, bado ziko kwenye karatasi yake. Sijui alizipata wapi asubuhi ile. Akaniwekea mkononi.

"Watu wengi hawajui kama mama amefariki. Mazishi ni saa saba. Nenda kawatangazie. Kwa miguu."

Kile kipaza sauti cha mkononi nilikuwa nimekuja nacho, hata sijui kwa nini. Nikakitia betri. Nikaanzia nyumba za juu, nikashuka njia ya bombani, nikapita kwa wachoma matofali, nikazunguka nyuma ya shule yao ya mabati. Miaka tisa nimeutangazia mtaa ule na sikuwa naijua njia hata moja zaidi ya ile ya kwa dada, ikabidi niulize. Watoto walinifuata. Wanawake walisimama na ndoo zao, wananisikiliza mpaka mwisho, kisha wanasema pole. Mama mmoja mnene, mikono ina sabuni, akanitazama juu mpaka chini.

"Kumbe ndiye wewe? Yule wa ng'ambo?"

"Ndiye mimi."

"Kumbe unaweza kufika," akasema. Hakusema kwa ubaya, alishangaa tu.

Nilipotokea tena kwa dada, alikuwa anatandika mikeka uani. Hakuinua kichwa.

"Umefika kote?"

"Kote."

"Imekuchukua muda gani?"

Nikatazama simu. "Dakika arobaini."

Akanyoosha pindo la mkeka, akalibana kwa jiwe. "Haya. Kaa hapo, upokee watu."

Nikakaa. Wakaanza kuja, wawili wawili, wanavua viatu vyenye tope, wananishika mkono. Mama mnene wa sabuni alikuja. Fundi viatu alikuja na wale wenzake watatu wa kiti. Ofisa naye akaja kwa miguu, tope magotini, na alipoona uani palivyojaa akasimama mlangoni akanigeukia. Nadhani hapo hapo alielewa, kabla sijafungua mdomo. Bado walikuwa wanaingia. Bila kutaka nilikuwa nawahesabu, na walipofika thelathini haijatimia hata saa sita.